Je, Wajua? Kinga ya mwili yaweza kuchochea sonona

Katika maradhi ya maltipo sklerosisi, chembe za kinga hushambulia mayelini, utando wa mafuta unaofunika neva za ubongo na uti wa mgongo. Takriban nusu ya wagonjwa hupatwa na sonona wakati fulani maishani. Huo si udhaifu wa moyo wala upungufu wa imani! Kemikali zinazomwagwa na kinga hiyo zaweza kuuvuruga ubongo wenyewe. Na sonona nayo hugusa kinga: mwaka 2001, David Mohr na wenzake huko California walitibu sonona ya wagonjwa wachache kwa tiba ya mazungumzo au dawa. Sonona ilipopungua, chembe zao za kinga zilizalisha kiasi kidogo zaidi cha interferoni-gama, kemikali inayohusishwa na mashambulizi ya ugonjwa.