Kipimo saa mbili, majibu wiki nzima: muda unapotelea wapi?

Mtu wa Galula, kule bondeni upande wa Ziwa Rukwa, akikohoa wiki mbili au zaidi anashauriwa kupima kifua kikuu. Mashine ya GeneXpert inasoma makohozi kwa saa mbili hivi, na inaonyesha pia kama vimelea ni sugu kwa dawa ya rifampisini. Mashine hiyo si ngeni ukanda huu: ilifanyiwa utafiti Mbeya, mkoa ambao Songwe ilimegwa kutoka kwake mwaka 2016.

Sasa mbona mgonjwa anaweza kusubiri siku kibao?

Kwa sababu saa mbili ni za mashine tu. Hazihesabu kopo la makohozi linalongoja pikipiki zahanati, fomu iliyojazwa nusu, katriji zilizoisha stoo, wala umeme unaokatika kipimo kikiwa katikati. Hapo unaanza upya na katriji imeshaliwa. Halafu kuna majibu yaliyotoka kitambo lakini yamelala mezani, maana hakuna aliyepewa kazi ya kumpigia mgonjwa. Muda wote huo, kama kweli anaumwa, anaendelea kuwakoholea wa nyumbani kwake.

Hapa ndipo usimamizi wa miradi unapoingia maabara. Usiwaze mradi wa mabilioni wenye bango barabarani. Mafunzo ya SLMTA, yaliyozinduliwa Kigali mwaka 2009 na kutumika hata Tanzania, yanamtaka mkuu wa maabara achague tatizo moja, alipime, alirekebishe, kisha alipime tena. Darasa lina awamu tatu, na katikati mtu anarudi kazini kwake na mradi mkononi.

Tuseme lengo ni majibu kumfikia mgonjwa ndani ya siku tatu. Kazi inaanza na daftari: sampuli ilitolewa saa ngapi, ikapokelewa lini, majibu yakatoka lini, yakafika lini. Baada ya mwezi unaweza kukuta lawama zote zilienda kwa mashine kumbe siku zilipotelea kwenye usafiri. Kisha kila hatua inapewa mtu na tarehe. "Tutafuatilia" si mpango.

Katriji nazo zinataka hesabu: mwezi zinatumika ngapi, mzigo unachukua siku ngapi kufika. Kujaza stoo hovyo nako ni hasara, zina tarehe ya kuisha muda.

Maabara hukaguliwa kwa mfumo wa SLIPTA wa WHO Kanda ya Afrika. Chini ya asilimia 55 hupati nyota. Asilimia 95 kwenda juu ni nyota tano. Nyota hizo si ithibati ya ISO 15189, ni ngazi za kuifikia.

Wewe ukitoa makohozi, uliza majibu yanatoka lini na nani atakupigia. Acha namba inayopatikana, hata ya jirani unayemwamini. Matibabu ya kifua kikuu ni bure.