Tembo mtawaona, lakini msisahau mbung'o

Tulipompeleka mpwa wangu Hifadhi ya Taifa ya Tarangire, alivaa fulana yake mpya ya bluu. Kabla hatujafika mtoni kuona tembo, mbung'o walishamuuma mara tatu.

Mbung'o huvutiwa na rangi ya bluu na nyeusi. Huuma hata juu ya nguo nyepesi, na dawa za kupaka za mbu haziwazuii sana. Mvalishe mtoto mikono mirefu, kitambaa kizito kiasi, rangi ya kaki. Mkipita vichakani, fungeni vioo, maana mbung'o hufuata gari linalotembea.

Malale ni nadra, lakini wapo watalii walioupata baada ya kutembelea Tarangire na Serengeti. Usipotibiwa, huua.

Mzazi, mtoto akipata homa, maumivu ya kichwa au kidonda palipoumwa, wiki chache baada ya safari, mpeleke kituo cha afya mapema. Kipimo kikionyesha hana malaria, usiishie hapo. Mwambie daktari: "Tulikuwa hifadhini, aliumwa na mbung'o." Bila kuambiwa hivyo, anaweza asiwaze kutafuta malale kwenye damu.

Mpwa wangu hakuugua. Safari ijayo atavaa kaki.