Chemirocha na porojo nyingine: kweli na uongo kuhusu Jimmie Rodgers

Jimmie Rodgers alianza kurekodi Agosti 1927 na akafa Mei 1933. Hata miaka sita haikutimia. Hakuvuka bahari kwenda Ulaya wala Afrika, na miaka yake yote ya umaarufu aliipitisha akitema damu. Hata hivyo Wamarekani wanamwita baba wa muziki wa kantri, waimbaji wa rangi zote wamemwiga, na jina lake lilipanda hadi nyanda za juu za Kericho, Kenya, likaota kwato. Kwa mtu aliyeacha mengi hivyo kwa muda mfupi hivyo, chuku haziepukiki. Tuzipitie zinazosikika zaidi.

"Alikuwa kaubai."

Uongo. Alikuwa mtu wa reli. Baba yake alisimamia vibarua wa njia ya reli huko Meridian, Mississippi, na Jimmie mwenyewe aliingia kazini tangu utotoni, kwanza akiwapelekea vibarua maji ya kunywa, baadaye akawa mshika breki kwenye mabehewa. Mwaka 1924 aliambiwa ana kifua kikuu, na ugonjwa huo ndio uliokuja kummalizia kazi ya reli. Picha zake za kofia pana na buti za wapanda farasi zipo, na nyimbo chache za wachunga ng'ombe aliimba, ila hayo yalikuwa mavazi ya jukwaani. Kwenye filamu fupi aliyocheza mwaka 1929 amevaa nguo za reli.

"Kantri ni muziki wa Wazungu, na Rodgers ndiye ushahidi."

Ukitaka kuthibitisha hilo, usimlete Rodgers. Wale vibarua aliowapelekea maji wengi wao walikuwa Weusi, waliokuwa wakilaza reli kwa nyimbo za kuitikizana, na kwao ndiko alikojifunza bluzi. Wimbo uliomtoa, "Blue Yodel", alioutia kwenye santuri Novemba 1927, ni bluzi kamili iliyofungwa mkia wa yodeli, yaani uimbaji wa kuivunja sauti. Aliendelea kutoa nyimbo za namna hiyo hadi kufikia 13. Ule wa tisa ulirekodiwa Los Angeles Julai 1930, na anayepuliza tarumbeta humo ni Louis Armstrong, huku mkewe Armstrong, Lil Hardin, akiwa kwenye piano. Lebo ya santuri haikuwataja. Katika Marekani ya miaka ile, Mweusi na Mzungu kurekodi pamoja lilikuwa jambo la kufanywa kimyakimya. Miaka 40 baadaye, mwaka 1970, Armstrong aliupiga wimbo huohuo mbele ya kamera za televisheni katika kipindi cha Johnny Cash, na safari hii kila mtu alijua nani anapuliza.

Deni lilikwenda pande zote mbili. Howlin' Wolf, jabali wa bluzi wa Mississippi na Chicago, alieleza kwamba alijaribu kuiga yodeli ya Rodgers ikamshinda, akabaki na ule mlio wake wa mbwamwitu.

"Ndiye aliyebuni yodeli."

Uongo. Kuivunja sauti kutoka kifuani ikaruka juu kichwani, kisha ikashuka tena, ni ufundi wa kale wa wachungaji wa milimani huko Ulaya, na kwenye majukwaa ya Marekani ulikuwa umeshazoeleka kabla Rodgers hajazaliwa. Mwimbaji Riley Puckett aliuweka kwenye santuri mwaka 1924. Alichofanya Rodgers ni kuuoanisha na bluzi, akautumia mahali ambapo maneno yamekwisha lakini uchungu bado haujaisha.

"Alirekodi hadi siku mbili kabla ya kufa."

Hii ni kweli, na ndiyo inayostahili kusimuliwa polepole.

Kufikia Mei 1933 Rodgers alijua hana muda. Mdororo wa uchumi ulikuwa umeua soko la santuri, pesa zilikuwa zimekwenda kwa madaktari na kwa maisha ya kifahari, na alikuwa na mke, Carrie, na binti, Anita. Akafunga safari kutoka Texas hadi New York kuingia studio ya kampuni ya Victor, ili aache nyimbo za kuwalisha. Muuguzi alifuatana naye. Studio ikawekewa kitanda cha kukunja: akimaliza wimbo mmoja, analala, akipata pumzi, anainuka kuimba unaofuata. Alianza Mei 17. Baada ya siku chache mwili ulikataa, akalazimika kupumzika, kisha akarudi Mei 24. Siku hiyo aliletewa wapiga gitaa wa kumsaidia, kwa kuwa kupiga na kuimba kwa pamoja kulikuwa kumemwelemea. Lakini wimbo wa mwisho kabisa, "Years Ago", aliushika mwenyewe, sauti yake na gitaa lake tu, kama alivyoanza.

Kesho yake alikwenda kutembea Coney Island, ufukwe wa starehe wa watu wa New York. Usiku ule mapafu yalianza kuvuja damu, na Mei 26 alikata roho katika Hoteli ya Taft. Alikuwa na miaka 35. Wanaosema alikufa akiwa hana habari na ugonjwa wake wasikilize "T.B. Blues" ya mwaka 1931. Mgonjwa yule alikuwa ameshauimba ugonjwa wake, akaupeleka sokoni.

"Treni iliyobeba maiti yake ilipiga honi njia nzima."

Mwili ulirudishwa Meridian kwa treni, hilo halina ubishi. Inasimuliwa kwamba usiku ilipokaribia mji, dereva aliivuta honi kwa sauti ya chini, ndefu, bila kuiachia hadi stesheni. Wengine wamerefusha honi ile ikawa ya safari nzima kutoka New York. Ya kuingia mjini naikubali, maana watu wa reli huagana hivyo. Ya njia nzima imetiwa chumvi.

"Alisahauliwa mara tu alipozikwa, hadi wasomi walipomfufua."

Uongo, na anayestahili kushukuriwa kwanza ni mjane. Carrie Rodgers aliandika kitabu kuhusu mumewe, kikatoka mwaka 1935, wakati ambapo hakuna mchapishaji mkubwa aliyedhani mwimbaji wa kantri anahitaji wasifu. Kisha akatokea kijana mmoja wa Texas, Ernest Tubb, aliyekuwa akiimba redioni huko San Antonio na kumhusudu Rodgers kupita kiasi. Alimtafuta Carrie ili aombe picha tu. Carrie alimsikiliza, akamfungulia mlango wa kampuni ya Victor mwaka 1936, na akamkabidhi gitaa la marehemu: Martin la mwaka 1928, jina Jimmie Rodgers likiwa limenakshiwa kwenye shingo, na mgongoni neno la shukrani kwa herufi kubwa, limeandikwa kichwa chini ili mwimbaji akiligeuza gitaa mwisho wa onyesho watu walisome.

Santuri za Tubb za kumwiga Rodgers hazikuuza. Mwaka 1939 alikatwa mafindofindo, na yodeli ikaondoka nayo. Hakuwa na budi kuimba kwa sauti yake mwenyewe, na hapo ndipo alipotoka. Lile gitaa alikaa nalo miaka mingi, na baadaye likawekwa Meridian, kwenye jumba la makumbusho la Rodgers.

Hank Snow wa Kanada naye alimpa mwanawe, aliyezaliwa mwaka 1936, jina la Jimmie Rodgers Snow. Ni Snow na Tubb waliosimama mbele mwaka 1953, Mei 26, kuanzisha siku ya kumbukumbu huko Meridian. Heshima ya vyombo rasmi ndiyo iliyochelewa. Jumba la Heshima la muziki wa kantri lilipoteua watu wake wa kwanza mwaka 1961, Rodgers alikuwamo pamoja na Hank Williams na Fred Rose. Stempu ya posta ya Marekani ilimtoa mwaka 1978, na Jumba la Heshima la rock and roll likamwingiza mwaka 1986. Bob Dylan akakusanya wanamuziki wenzake kutoa albamu ya nyimbo zake mwaka 1997. Katika mambo haya yote serikali na taasisi zilifuata nyuma. Waimbaji walikuwa wameshatangulia zamani.

"Ndiye aliyeimba Honeycomb."

Hapana. Yule ni Jimmie Rodgers mwingine, mwimbaji wa pop aliyevuma mwaka 1957. Kinachowachanganya watu zaidi ni kwamba alizaliwa mwaka 1933, uleule aliokufa huyu. Na kwa wasikilizaji wa Afrika Mashariki wanaomchanganya na Jim Reeves wa nyimbo za Krismasi: Reeves alikuja kizazi kimoja baadaye, na alikufa kwa ajali ya ndege mwaka 1964.

"Wakipsigis walimwabudu kama mungu, nusu mtu nusu paa."

Hapa ndipo penye uongo mtamu kuliko yote, na uliosafiri mbali zaidi.

Tuanze na la hakika. Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alifika Kapkatet katika eneo la Kericho, kwa Wakipsigis. Miongoni mwa alivyorekodi ni nyimbo tatu zenye jina Chemirocha. Mbili ziliimbwa na wanaume, na ya tatu iliongozwa na Chemutoi Ketienya akiitikiwa na wasichana wenzake, pamoja na chepkong, ala ya nyuzi iliyo ndugu ya nyatiti ya Wajaluo. Chemirocha ni Jimmie Rodgers kwa matamshi ya Kikipsigis. Santuri zake zilikuwa zimefika huko pamoja na gramafoni za Waingereza, zikasikilizwa, zikapendwa.

Sasa, mungu alitoka wapi? Alitoka kwenye maelezo ya Tracey mwenyewe. Alipoandika kuhusu wimbo wa wasichana, alitafuta mfano ambao wasomaji wake wa Ulaya wangeuelewa, akamtaja Pan, mungu wa Wayunani mwenye miguu ya mnyama, na kusema Chemirocha amegeuzwa kiumbe wa aina hiyo, nusu mtu na nusu paa. Waliokuja baada yake walinyakua maneno mawili tu, mungu na paa, wakajenga hekalu zima juu yake: Waafrika wa kijijini wasikia sauti kwenye sanduku, waanguka kusujudu.

Lakini Tracey huyohuyo aliandika kwamba wimbo ni wa utani. Wasichana wanamtaka Chemirocha aruke ile ngoma ya Wakipsigis kwa nguvu hadi achomoke ndani ya nguo zake. Hebu niambie ni dini gani duniani ambayo waumini wake wanamtaka mungu wao avuliwe na ngoma. Hiyo ni kejeli ya mabinti kwa kijana mgeni anayejidai, na yeyote aliyewahi kukaa karibu na wasichana wakiimba harusini au jandoni anaijua. Kumpa mgeni miguu ya paa ni sifa na dhihaka kwa pamoja: anaruka vizuri, na si mtu wa kawaida.

Kinachonikera si kosa la jina moja la Kiyunani. Ni kwamba hadithi ya mungu-paa imependwa huko nje kwa sababu inamfanya Mkipsigis aonekane mjinga aliyebabaishwa na mashine. Howlin' Wolf alipoigeuza yodeli kuwa mlio wa mbwamwitu aliitwa msanii. Wasichana wa Kapkatet walichukua jina, wakachukua mwimbaji, wakamtungia mwili na wimbo kwa mahadhi yao wenyewe, wakaambiwa wameabudu. Ukiusikiliza huo wimbo hutasikia yodeli wala bluzi. Waliyemwimba ni Mmarekani, muziki ni wao mwanzo hadi mwisho.

Rekodi za Tracey zilihifadhiwa Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954, ambayo sasa iko Chuo Kikuu cha Rhodes. Mwaka 2014 maktaba hiyo, ikishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi, ilizirudisha Kapkatet, ili wazee waliokuwapo na jamaa za waimbaji wasikie sauti zile nyumbani kwao. Miaka 64 ilikuwa imepita.

"Basi muziki wa kantri nchini Kenya ulianzia kwa Chemirocha."

Nusu kweli. Santuri za Rodgers ni miongoni mwa za mwanzo kabisa kuacha alama inayoonekana. Lakini Wakenya wanaojaza kumbi za kantri leo kumsikiliza Sir Elvis au Esther Konkara walilelewa zaidi na redio, iliyowapigia Jim Reeves, Don Williams, Kenny Rogers na Dolly Parton. Wengi wao hawajawahi kulisikia jina la Chemirocha, sembuse kujua kwamba lilirekodiwa saa chache tu kwa gari kutoka Nairobi.

Wimbo wa Chemutoi Ketienya na wenzake haufiki dakika mbili, na unapatikana kwenye intaneti. Usikilize kwanza, halafu usikilize "Blue Yodel" ya 1927. Na kama una bibi au babu upande wa Kericho au Bomet, muulize anajua nini kuhusu Chemirocha, kisha uandike, kwa sababu maelezo mengi yaliyopo hadi sasa yaliandikwa na wageni.