Mayi ya kunywa: chupa ya kutupa inatukulia makuta

Tufanye hesabu pamoja. Mufanyakazi anayenunua chupa mbili za maji kila siku ya kazi, siku 26 kwa mwezi, ananunua chupa 52. Kwa mwaka ni chupa 624. Zidisha hiyo na bei ya kwenu, kisha linganisha na minervali ya mtoto mmoja. Na hizo chupa zinakwenda wapi? Nyingi zinalala ndani ya mitaro ya Katuba, Kamalondo na Kenya. Mvula ya mwezi wa 11 ikianza, maji yanakosa njia, yanaingia nyumbani.

Sheria haikosekani. Dekreti ya tarehe 30/12/2017 ilikataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko na sashe za plastiki katika Kongo yote. Lakini sashe ya mayi ingali inauzwa barabarani. Rwanda ilikataza mifuko tangu 2008. Kenya, ile inchi, siyo komini yetu, ilikataza chupa za kutupa ndani ya mbuga za wanyama tangu tarehe 5/6/2020.

Hatuseme mtu akunywe maji yoyote. Kolera inarudi Katanga mara na mara, na ni juu ya hiyo jamaa nyingi zinanunua chupa. Basi swali ni hili: maji safi tutayapata na kuyabeba namna gani?

Nyumbani, njia ya kwanza ni kuchemsha. Yakitokota kabisa, dakika moja inatosha. Lakini makala ni bei, na pori kandokando ya mji inakwisha. Njia ya pili ni kidonge cha klori: fuata maandishi ya pakiti, ngoja dakika 30. Ya tatu haiombe makuta. Twaa chupa ya plastiki isiyo na rangi, isiyopita litre 2, toa karatasi yake, jaza maji yasiyo na matope, ilaze juu ya malata masaa 6 ya jua kali. Mawingu yakifunika, ni siku mbili. Ile chupa ya kutupa imepata kazi ingine.

Kisha mama aweke maji ndani ya mutungi wa udongo wenye kifuniko. Yanabaki baridi bila frigo. Chota na kikombe chenye mkono mrefu, ju vidole vikiingia, kazi yote imeharibika.

Kazini, chupa moja ya chuma yenye kufungwa vizuri inatumika miaka. Inajazwa asubuhi nyumbani, inaoshwa kila jioni. Na pale ambapo timu nzima inaletewa makatoni ya chupa, delege wa sendika anaweza kuomba kitu kingine: tanki yenye robine na maji yaliyopimwa.

Lakini sikieni vizuri, ndugu wachimbaji. Moto, klori na jua vinaua mikrobi. Haviondoe madini. Kobalti haikufe ndani ya sufuria. Munganga Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Université de Lubumbashi na wenzake, pamoja na wale wa Leuven kule Ubelgiji, walitangaza mwaka 2009 kwamba watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana madini mengi ndani ya mkojo wao, zaidi sana kobalti, na watoto wamo. Kwa hiyo maji ya shimo la kazi, ao ya mto unaopita chini ya kiwanda, tusinywe hata yakichemshwa mara tatu. Tutafute maji yanayotoka mbali na mgodi, tuyabebe ndani ya bidon kubwa ya kurudisha kujaza.

Na bidon yenyewe tuiangalie. Ile iliyobeba asidi ao dawa ingine ya kiwanda, hata ikioshwa na sabuni, siyo ya maji ya kunywa. Usiipeleke nyumbani, usiiuze sokoni. Itoboe, ju mama mwingine asiinunue bila kujua.

Tujaribu mwezi mmoja tu. Makuta ya chupa ya kila siku iwekwe ndani ya kikopo. Mwisho wa mwezi tuihesabu mbele ya watoto, wao wenyewe watasema inunue nini.