Kimelea cha Katanga Kinachong'aa Kijani

Mto Msimbazi, jijini Dar es Salaam, ukifurika na kulifunika bonde la Jangwani, madimbwi hubaki hata baada ya mabasi ya mwendokasi kurudi barabarani. Humo mbu wa Anofelesi huweza kutaga. Lakini mbu hazaliwi na malaria. Huipata kwa mtu. Na mtu huyo huenda akawa mfanyabiashara aliyeingia Kariakoo jana kufuata mzigo, akalala gesti ya jirani, hana homa, wala hajui kuwa damu yake ina vimelea vya kiume na vya kike. Hivi havimuumizi, vinamsubiri mbu. Hata dawa mseto inayomponya mgonjwa haiviui vyote vikishakomaa.

Je, wajua kwamba siri nyingi za vimelea vya malaria tumezijua kupitia kimelea cha panya? Kinaitwa Plasmodium berghei. Ignace Vincke na Marcel Lips walikitangaza mwaka 1948 kutoka Katanga, Kongo, kikiishi kati ya mbu na panya wa msituni. Binadamu hakimwambukizi, ndiyo maana maabara hukifuga bila hofu kubwa.

Mwaka 1995 watafiti wa Leiden, Uholanzi, walifaulu kukipachika jeni ya kudumu. Baadaye kikapewa jeni ya yavuyavu wa baharini anayetoa mwanga, nacho kikang'aa kijani chini ya hadubini, kikiwa hai, ndani ya mnyama hai. Yaliyoonekana yalishangaza. Mbu akiuma, vimelea vingi haviingii mshipani papo hapo. Hubaki ngozini, vikiteleza huku na huku kutafuta mshipa, vingine kwa makumi ya dakika. Kwangu hili ni jambo kubwa: adui tuliyedhani hupita mlangoni kwa kufumba na kufumbua kumbe hukaa kibarazani, mahali ambapo kinga ya mwili inaweza kumkuta.

Njia nyingine ya kukichunguza ni kuondoa jeni na kutazama kinachokwama. Tumboni mwa mbu, kimelea cha kiume huchukua kama robo saa tu kutoa mbegu nane zenye umbo la uzi. Mwaka 2008 watafiti waliondoa jeni ya HAP2. Mbegu zikamfikia jike, zikamgandia, zikashindwa kuungana naye. Uzazi ukaishia hapo.

Panya si mtu, bila shaka. Vimelea vya uzazi vya berghei hukomaa kwa muda wa siku moja na kidogo, ilhali vya falciparum, kimelea hatari zaidi kwa binadamu, huchukua siku 10 hadi 12. Ndiyo sababu matokeo ya mwaka 2014 yalikuwa na uzito: timu mbili, moja ikichunguza berghei na nyingine falciparum, zilifikia jeni ileile, AP2-G, inayoamuru kimelea kigeuke kuwa cha uzazi. Kikinyimwa jeni hiyo, kimelea huendelea kujigawa damuni, na anayeugua huugua vilevile, ila mbu akimnyonya haondoki na malaria ya kupeleka nyumba ya pili.