Kurudi Mwezini: Roketi Si Mtihani Mkubwa Kuliko Mapafu

Wavuvi wa dagaa wa Musoma huujua mwezi kuliko watu wengi. Usiku wa giza, taa zao huvuta dagaa juu ya maji ya Ziwa Viktoria. Mwezi unapokuwa mpevu, mwanga wa taa hupoteza nguvu, na mitumbwi hupumzishwa mwaloni. Kwa jicho la mvuvi, mwezi uko karibu kiasi cha kuharibu kazi ya usiku mzima. Kwa kipimo, uko umbali wa wastani wa kilomita 384,400.

Umbali huo ulishindwa zamani. Kati ya Julai 1969 na Desemba 1972, Wamarekani 12 waliukanyaga mwezi katika safari sita za Apollo. Tangu hapo hakuna mtu mwingine aliyeukanyaga. Mwaka 2019 serikali ya Marekani ilitangaza kwamba binadamu wangetua tena ifikapo 2024. Mwaka huo ulipita bila mtu kutua. Je, kwa nini jambo lililowezekana enzi ambazo tarakilishi ya chomboni ilikuwa dhaifu kuliko simu ya leo limekuwa gumu hivi?

Njia ileile, kazi nyingine

Jibu la kwanza ni fedha na watu. Mwaka 1966 shirika la anga la Marekani, NASA, lilipewa zaidi ya asilimia 4 ya bajeti ya serikali kuu ya nchi hiyo. Leo hupata chini ya nusu ya asilimia moja. Watu wapatao 400,000 walishiriki katika kazi ya Apollo. Mradi ulipokwisha, mafundi walistaafu na mitambo ikaachwa. Ujuzi wa mikono hausubiri kwenye kabati hadi utakapohitajika tena.

Afrika Mashariki nayo ina kumbukumbu ya jambo hilo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Zanzibar ilikuwa na kituo cha kufuatilia safari za kwanza za Wamarekani kuizunguka dunia. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, kituo hicho kiliondolewa.

Jibu la pili ni kwamba lengo limebadilika. Wanaanga wa Apollo walitua karibu na ikweta ya mwezi, na waliokaa muda mrefu zaidi walikaa siku tatu tu. Mpango wa sasa, uitwao Artemis, unalenga ncha ya kusini, kwenye mashimo yenye giza la kudumu na barafu, kwa nia ya kuandaa makazi ya muda mrefu. Hapo ndipo somo la uhandisi linapogeuka kuwa somo la tiba.

Mwili mbali na hospitali

Nje ya ulinzi wa dunia, mionzi hupenya mwili kutoka kwenye jua na kutoka anga za mbali. Agosti 1972, kati ya safari za Apollo 16 na Apollo 17, jua lilitoa dhoruba kubwa ya mionzi. Iwapo watu wangekuwa njiani wakati huo, wangeweza kuugua vibaya. Wale wa siku tatu walisaidiwa na bahati. Anayekusudia kukaa miezi hawezi kuitegemea.

Mifupa nayo hudhoofika mwili usipobeba uzito wake. Katika vituo vinavyoizunguka dunia, mwanaanga asiyefanya mazoezi ya kutosha hupoteza takriban asilimia 1 hadi 1.5 ya uzito wa mfupa wa nyonga kila mwezi. Kalsiamu inayotoka mifupani huongeza hatari ya mawe ya figo.

Zaidi ya yote, kuna suala la rufaa. Mgonjwa wa Butiama akizidiwa hupelekwa Musoma. Ikibidi, husafirishwa kupitia Bunda hadi Bugando, Mwanza, mwendo wa saa kadhaa. Mwanaanga aliye kwenye kituo cha karibu na dunia anaweza kurejeshwa kwa muda wa saa chache. Aliye mwezini yuko siku tatu au zaidi kutoka kwenye chumba cha upasuaji kilicho karibu. Kila mhudumu wa zahanati ya mbali anafahamu uzito wa hesabu hiyo.

Vumbi la mwezi, vumbi la Buhemba

Tatizo lililowashangaza wanaanga wa Apollo lilikuwa vumbi. Mwezini hakuna upepo wala maji ya kusaga kingo za chembe, hivyo vumbi lake lina ncha kali. Liling'ang'ania mavazi, likakwaruza vioo na kuingia chomboni. Harrison Schmitt wa Apollo 17 alipata dalili za mafua alipolivuta. Tena, kwa kuwa mvutano wa mwezi ni sehemu moja ya sita ya ule wa dunia, chembe huelea muda mrefu na zinaweza kufika ndani zaidi ya mapafu. Majaribio kwa panya yameonyesha kuwa vumbi hilo hudhuru mapafu, ingawa kwa ukali mdogo kuliko vumbi la silika.

Vumbi hilo la silika, lililo kali zaidi, halihitaji roketi kulifikia. Buhemba, wilayani Butiama, dhahabu imechimbwa tangu enzi za ukoloni. Mchimbaji mdogo anayetoboa mwamba katika duara, au anayesaga mawe makavu kwenye karasha, huvuta chembe zisizoonekana kwa macho. Hizo husababisha silikosisi, yaani makovu ya mapafu yasiyopona. Anayeugua silikosisi huwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata kifua kikuu, na picha za eksirei za magonjwa haya mawili zinaweza kufanana. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kurudia dawa za kifua kikuu, huku chanzo cha kikohozi chake kikiendelea kumsubiri kazini.

Kwa mhudumu wa afya, swali moja lina thamani kubwa: "Umefanya kazi gani tangu ujana wako?" Liandikwe kwenye faili la kila mwenye kikohozi. Makohozi yapimwe, na mgonjwa asihesabiwe kuwa na kifua kikuu kwa picha peke yake pale ambapo kipimo kipo.

Kwa mchimbaji, kinga ni maji: lowesha mwamba kabla ya kutoboa na kusaga. Kitambaa puani hakizuii chembe hizo ndogo. Karasha liwekwe mbali na makazi, nguo za kazi zisipelekwe ndani ya nyumba, na sigara iachwe. Mwenye kikohozi, homa za jioni, jasho la usiku au anayepungua uzito afike kituoni mapema. Kipimo na dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika vituo vya umma.

Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, hunasibishwa na wazo kwamba wakati wengine wanajaribu kufika mwezini, Watanzania wanajaribu kufika vijijini. Kwa daktari wa mapafu, safari hizo mbili zina sharti moja: aliyepelekwa mahali pagumu kufanya kazi arudi akiwa anapumua vizuri. Wahandisi wa Artemis wanatumia miaka na fedha nyingi kumkinga mwanaanga na vumbi. Mchimbaji wa Buhemba anahitaji ndoo ya maji na mhudumu atakayemuuliza kazi yake.