Kumpiga Picha Mzazi kwa Miaka Mingi: Utambulisho na Ridhaa katika Bonde na Delta ya Rufiji

Makala hii inafafanua namna picha za mzazi, zilizopigwa na mwanawe kwa miaka mingi, zinavyoweza kuwa data ya utafiti wa utambulisho, na mipaka ambayo mzazi ana haki ya kuiweka. Data hiyo ni picha ambazo mtafiti amempiga mama yake tangu mwaka 2011 katika mashamba ya bondeni, delta ya Rufiji na mji wa Kibiti.

Sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza kabila nchini Tanzania. Muda mfupi baadaye, mafuriko ya mwaka 1968 yalifuatiwa na Operesheni Rufiji, iliyowahamishia wakazi wa bondeni kwenye vijiji vya mwinuko. Mama, wakati huo mtoto mdogo, alikuwa miongoni mwao. Hata hivyo, wakulima waliendelea kuteremka bondeni kila msimu wa mpunga na kuishi katika madungu hadi mavuno. Waliohamishwa, kwa hiyo, hawakuhama kabisa.

Picha ya dunguni, ikitazamwa peke yake, inamwonyesha mkulima wa bondeni. Ya gatini Nyamisati, mke wa delta. Ya barazani Kibiti, mkazi wa mjini. Mama alipozieleza kwa mfululizo, jambo jingine lilijitokeza: alikoolewa, delta, huitwa mtu wa bondeni, Kibiti huitwa mtu wa delta. Kila mahali amepewa jina la alikotoka. Utambulisho wake, basi, umejengwa na safari kuliko asili, na picha moja isingeweza kulionyesha hilo.

Suala la pili ni ridhaa. Jarod Lew, mpigapicha wa Marekani mwenye asili ya China, alifahamu akiwa mtu mzima kwamba mama yake alikuwa mchumba wa Vincent Chin, aliyeuawa katika eneo la Detroit mwaka 1982. Katika picha alizompiga mama huyo, uso mara nyingi umefichwa. Picha za namna hiyo zinaonyesha kwamba kutoonekana nako ni kauli ya mzazi kuhusu historia yake.

Mama wa Kibiti aliridhia watahini wauone uso wake, lakini si kila mwenye intaneti. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaitambua ridhaa ya mhusika, na hadhi ya mzazi mbele ya mwanawe inaongeza uzito wake. Kwa hiyo, nakala ya tasnifu iliyo wazi kwa umma ina picha za mikono, mgongo, kanga na dungu pekee. Gharama ipo: msomaji wa nakala hiyo hawezi kuhakiki mwenyewe namna uso ulivyobadilika. Lakini mtu aliyepewa majina na wengine maisha yake yote hastahili kunyimwa, na mwanawe mwenyewe, uamuzi wa namna atakavyoonekana.